Mwalimu na matonge 19: uchambuzi wa kisa cha kisukari siku ya Idd

Saa saba kasoro robo mchana, Idd el-Fitr ya mwaka jana, katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, mama wa miaka 62 alikuwa ameinama juu ya sufuria ya biriani akipalia makaa kwenye mfuniko. Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa pembeni akikata vitunguu vya kachumbari, akaona jasho linamtiririka mama mpaka kidevuni. Hakushtuka. Jiko lina joto, Tanga ina joto, na mtu aliyeshinda jikoni lazima atoke jasho. Kilichomshtua ni jibu. Alimuuliza kama mchele wa sufuria ya pili uchujwe, mama akamjibu habari za mtu mwingine kabisa, kisha akamfokea kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Mama huyu mtaa mzima unamwita Mwalimu, kwa kuwa amefundisha hesabu shule za msingi hadi alipostaafu, na hana tabia ya kufoka.

Wakamkalisha kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, maana ndicho kilichokuwa karibu. Mikono inatetemeka, midomo imepauka. Mwanawe akatoka sebuleni na hukumu tayari mdomoni: "Sukari imepanda. Nani kampa sharubati?" Akataka aletewe dawa zake anywe kidonge kingine. Hapo ndipo mjukuu wa kidato cha pili alipofanya jambo la maana kuliko watu wazima wote waliokuwepo: alikwenda chumbani, akaleta mashine ya kupimia sukari, akamchoma bibi yake kidole. Mashine ikaandika 2.9, kwa kipimo cha milimoli kwa lita.

Sukari haikuwa imepanda. Ilikuwa imeanguka. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, chochote chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, na ikifika chini ya 3.0 ni dharura. Kidonge kile kingemezwa, ningekuwa naandika kisa kingine.

Kilichofuata nimesimuliwa na watu wanne na hakuna wawili wanaokubaliana kuhusu mpangilio, ila vitu vyenyewe wanavitaja vilevile: kaimati nne zenye shira, kipande cha halwa, chupa nzima ya soda, na bilauri ya sharubati ileile aliyokuwa ameshutumiwa kuinywa. Baada ya nusu saa Mwalimu akarudi kuwa Mwalimu. Biriani ikaepuliwa, masinia yakapakuliwa, na kila mtu akamhimiza ale "apate nguvu". Akala. Saa kumi jioni mjukuu akapima tena: 18.4.

Namba hizo mbili, 2.9 na 18.4, zikiwa zimeandikwa kwa mwandiko wa mtoto kwenye daftari la kliniki, ndizo zilizoletwa mbele yangu wiki iliyofuata. Mimi ni afisa lishe. Hukaa na wagonjwa wa kisukari siku ya kliniki. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, jina nimeliacha. Rasimu ameisoma kwanza, akanisahihisha hesabu mahali pawili.

Kilichotokea tangu alfajiri

Tunapozungumzia sikukuu na kisukari, mazungumzo yote huenda kwenye kula kupita kiasi. Ndiyo maana mwanawe alihukumu vile alivyohukumu, na nakiri kwamba mimi mwenyewe, ningekuwa jikoni pale bila mashine, huenda ningedhani hivyohivyo. Lakini ukimuuliza Mwalimu siku yake ilivyoanza, mambo yanajipanga yenyewe.

Alikuwa amefunga Ramadhani yote. Hakufunga kiholela: alimwona daktari kabla ya mwezi kuandama, dawa zake zikapangwa upya, dozi kubwa wakati wa kufuturu na ndogo wakati wa daku. Dawa zenyewe ni mbili, metfomini na glibenklamaidi. Mwezi ukaisha salama. Usiku wa kuamkia Idd, mwili uliozoea siku thelathini ukaamka wenyewe saa kumi alfajiri. Daku hakuna tena, lakini vidonge vipo juu ya meza palepale. Akavinywa na chai ya rangi isiyo na sukari.

"Mbona hukula kitu?" nilimuuliza.

"Mchana kuna biriani, mwanangu. Nikasema nijiwekee nafasi."

Kujiwekea nafasi. Neno hili nalisikia kwa wagonjwa karibu kila sikukuu, ya Waislamu na ya Wakristo. Mtu anaona sukari kama deni: akijinyima asubuhi, atakuwa na haki ya kukopa mchana. Kwa asiyetumia dawa, au anayetumia metfomini peke yake, hesabu hiyo itamletea njaa na hasira, na mchana atakula kwa pupa. Madhara yake hayaendi mbali sana. Glibenklamaidi ni jambo jingine. Dawa hii hulikamua kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na haiulizi kama umekula au hujala. Nguvu yake inaweza kukaa mwilini hadi siku nzima. Ukiimeza na ukaacha kula, umetuma askari kumkamata mtu ambaye hayupo. Watakamata yeyote watakayemkuta.

Kisha akatembea kwa miguu kwenda kuswali. Akatoka hapo akapita nyumba tatu kutoa mkono wa Idd, na kila nyumba aliwekewa kaimati, visheti na bilauri. Akakataa vyote. Anasema alijisikia fahari, kwa mara ya kwanza tangu aambiwe ana kisukari miaka sita iliyopita. Akarudi nyumbani, akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Kutoka saa kumi alfajiri hadi saa saba kasoro robo ni karibu saa tisa, na kazi ya kutembea na kusimama juu ya moto ndani yake.

Sasa sehemu inayoniuma. Siku ya Idd el-Fitr ni sunna kula tende kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kabla ya kutoka kwenda kuswali. Mwalimu analijua hilo kuliko mimi, na asubuhi ile aliwapa wajukuu wake tende tatutatu kwa mkono wake. Yeye hakula. Sababu ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu, yenye kichwa EPUKA, na chini yake: wali mweupe, tende, halwa, kaimati, soda, nyama ya mafuta. Karatasi hiyo nilimpa mimi. Tende tatu za kawaida zina kama gramu 15 za sukari. Angezila, na yai la kuchemsha, na kipande cha mkate juu yake, huenda daftari lake lisingekuwa na 2.9. Dini ilikuwa imemwandalia kifungua kinywa, mimi nikakiandika kwenye orodha ya maharamu.

Nimeshaacha kutoa karatasi hiyo. Orodha ya "epuka" haina saa, haina kiasi, na haijui kama mtu amekula au amekaa na njaa. Inafaa siku ambazo hakuna kinachotokea.

Jinsi ya kumrudisha aliyeshuka

Hapa nitapita haraka, lakini sitaruka, kwa sababu 18.4 ilianzia hapa. Sukari ikishuka na mgonjwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, anahitaji kama gramu 15 za sukari nyepesi: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Kisha unangoja dakika 15, unapima tena. Ikiwa bado iko chini, unarudia. Ikipanda, ndipo ale chakula chenyewe. Halwa haifai kwa kazi hii ingawa ni tamu, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Unampa moja, huoni mabadiliko, unampa ya pili, na zote mbili zinafika pamoja baadaye. Ndivyo ilivyokuwa. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu chochote mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Na kuna kosa moja ambalo familia hawakulijua mpaka nilipowaambia, mkwewe akashika mdomo. Kwa mtu aliyemeza glibenklamaidi, sukari inaweza kurudi kushuka saa kadhaa baada ya kupona. Siku ile walipaswa kumpeleka kituo cha afya hata kama alikuwa anacheka tena. Walimwacha alale. Safari hii halikutokea jambo.

Tonge kwenye mizani

Nilimtembelea nyumbani Jumapili moja, wiki tatu baada ya Idd. Nilikwenda na mafunzo niliyoyazoea: gawa sahani, nusu mboga, robo kitoweo, robo wanga. Mwalimu akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sahani gani?"

Nyumba hiyo hawali kwenye sahani siku ya Idd. Wanakula kwenye sinia, watu watano au sita kwa sinia moja, mkekani, kwa mkono. Hakuna nusu wala robo. Kuna mlima wa wali katikati na kila mtu anauchimba kutoka upande wake. Ukimtenga mgonjwa na sahani yake kwenye kiti, umemwambia mbele ya wageni wote kwamba yeye si mmoja wao tena. Alikuwa ameshafanyiwa hivyo mara moja kwenye karamu ya harusi ya ndugu, na aliniambia kwamba usiku ule alikula vitumbua sita jikoni, gizani, akiwa amesimama.

Basi tukatafuta kipimo kilichopo. Kwenye sinia kipimo ni tonge.

Mkwewe hupika keki za oda, ana mizani ya kidijitali ya kupimia unga. Tukapika kilo moja ya mchele, tukapakua kwenye sinia. Nikamwomba Mwalimu achukue tonge kama anavyochukua siku zote, ila badala ya kulipeleka mdomoni aliweke kwenye kisahani. Akafanya mara kumi. Aliyaviringisha vizuri kwa vidole vitatu, akilibonyeza kila moja kidogo kwa dole gumba kabla ya kuliachia, yanafanana kama matofali ya fundi mmoja. Kumi yakaja gramu 304. Tukasema tonge la Mwalimu ni gramu 30.

Kisha tukala. Nilikuwa nimemwomba mjukuu ahesabu matonge ya bibi yake kimyakimya, bila kumwambia. Aliposimama kunawa, mtoto akanionyesha kwa vidole: 19.

Wali mweupe uliopikwa una karibu gramu 28 za wanga katika kila gramu 100. Sikuwa nimetoa simu mfukoni Mwalimu akawa ameshageuza bahasha ya umeme na kuandika nyuma yake. 19 mara 30, 570. Mara 28 gawa kwa mia, karibu 160. Akatua kalamu. "Kijiko cha chai cha sukari ni gramu ngapi?" Nikamwambia nne. "Arobaini," akasema. "Nimekula vijiko arobaini."

Ulinganisho huo si kamili, wali hauingii kwenye damu kwa kasi ya sukari ya kijiko, na kwenye sinia umefuatana na samaki na nazi vinavyoupunguza mwendo. Lakini mwisho wa safari wanga ule ni glukosi, sukari ileile ya kwenye damu, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameona jambo ambalo miaka sita ya kuambiwa "punguza wali" haikumwonyesha. Kupunguza kutoka ngapi? Hakuna aliyewahi kumwambia.

Nikapendekeza sita. Akataka nane. Tukabishana bei kama tuko sokoni Mgandini, tukakutana kwenye saba, na yeye ndiye aliyetoa hoja ya mwisho: saba ni witiri. Matonge saba ni gramu 210 za wali, karibu gramu 59 za wanga. Kwa mlo wa mchana wa mtu kama yeye, hicho ni kiasi kinachobebeka.

Kufunga mkono mapema

Saba zilileta tatizo jipya ambalo mimi nisingelifikiria hata kwa mwaka. Matonge saba yanakwisha kwa dakika tano. Mwalimu ndiye mkubwa wa nyumba na ndiye mwenyeji. Mkubwa akitoa mkono kwenye sinia, wageni nao wanaona haya kuendelea. Wanatoa mikono wakiwa na njaa zao. "Nyumba yangu itasemwa ina choyo," aliniambia. Kwake hilo lilikuwa zito kuliko 18.4, na sikuona sababu ya kumbishia.

Mkwewe ndiye aliyepata njia. Mila ya sinia inamtaka kila mtu ale kilicho mbele yake, asivuke kwenda upande wa mwenzake. Basi, akasema, sinia linaweza kupangwa. Upande atakaokaa Mwalimu wali uwe mwembamba, na juu yake irundikwe kachumbari, matango na vipande vya nyama au samaki mwenye miiba. Hakuna mgeni atakayegundua. Mwalimu ataanza na kachumbari na kitoweo, matonge yatafuata, na katikati atakuwa na mifupa ya kuchokonoa mpaka wageni washibe. Mkono hautoki kwenye sinia.

Bila kujua, alikuwa amegusa jambo ambalo limeonekana katika utafiti mara kadhaa: ukianza na mboga na protini kabla ya wanga, sukari ya baada ya mlo hupanda kidogo kuliko ukianza na wanga, hata kama chakula ni kilekile. Mimi ningechukua nusu saa kulieleza, na ningelieleza kwa sahani.

Kwa nyumba za mkono wa Idd, lugha yenyewe ilikuwa na mlango tayari. Kukataa chakula ni tusi. Kusema "nifungie nikale nyumbani" ni sifa kwa mpishi. Mwalimu akaamua atakuwa anakunywa maji, au chai ya viungo ikiwa haijatiwa sukari, na kaimati zitafungwa. Wajukuu hawakupinga mpango huo. Juisi ya machungwa ya Muheza tukaibadilisha kuwa chungwa lenyewe, moja, limenywe na kuliwa na nyama zake. Bilauri moja hukamuliwa kutoka kwenye machungwa matatu au manne, na hakuna mtu anayekaa akala machungwa manne kwa mkupuo kwenye nyumba ya watu.

Upande wa dawa haukuwa wangu. Nilimwandikia daktari, akaiondoa glibenklamaidi na kuweka gliklazaidi, dawa ya kundi lilelile ambayo mara chache zaidi hushusha sukari kupita kiasi. Akampa na agizo ambalo Mwalimu amelibandika pale ilipokuwa karatasi yangu: kidonge kinafuata chakula, hakifuati saa.

Idd ya kuchinja

Kutoka Idd moja hadi nyingine ni kama miezi miwili na siku kumi. Agizo lile likajaribiwa asubuhi na mapema, kwa sababu Idd el-Adha sunna yake ni kinyume: mtu hali kitu mpaka arudi kutoka kuswali. Mwaka uliopita angemeza kidonge alfajiri kisha aende. Safari hii alipima, 6.9, akakiacha kidonge kwenye kikombe, akaswali, akarudi, akala mkate wa kumimina kipande kimoja na maini ya kukaanga ya mbuzi aliyechinjwa, na kidonge juu yake. Funga ya Arafa ya siku iliyotangulia waliizungumza na daktari, akaamua kutofunga mwaka huo.

Mchana kulikuwa na pilau ya mbuzi. Mimi sikuwepo, nimepewa ripoti na mkwe na mjukuu, na ripoti zinafanana isipokuwa sehemu moja. Sinia likapangwa kama walivyokubaliana, na mchicha ukaongezwa, jambo ambalo lilizua maswali. Wifi yake Mwalimu, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja kutoka Pangani. Akautazama ule mchicha kando ya pilau akauliza umekuja kufanya nini kwenye sikukuu ya watu. Kisha akahesabu kwa macho jinsi wifi yake alivyokuwa anakula.

"Wifi, mbona unadonoa kama kuku mgonjwa? Kula bwana, leo Idd. Kwani sukari haijui sikukuu?"

"Haijui, wifi," Mwalimu akasema. "Ndiyo shida yake."

Watu wakacheka, wifi akacheka, habari ikaisha. Sehemu ambayo mkwe na mjukuu hawakubaliani ni idadi: mkwe anasema saba, mjukuu anasema nane kwa sababu kulikuwa na kiazi cha pilau. Tulikuwa tumekubaliana kiazi kihesabiwe kama tonge. Mwalimu anasema kiazi kilikuwa nusu.

Saa mbili baada ya chakula alisoma 10.6. Lengo tulilojiwekea ni chini ya 10. Jioni, baada ya kutembea na wajukuu kwenda kutazama bahari na kurudi, 8.1. Ningependa kisa kiishie hapo, lakini usiku mpwa wake alifika kutoka Unguja na kikapu cha halwa. Kwenye daftari, chini ya 8.1, kuna mstari mmoja kwa mwandiko wa Mwalimu mwenyewe: "Halwa. Sikuhesabu." Chini yake, 13.2.

Mwanawe alitaka kukipiga marufuku kikapu chote cha halwa kesho yake. Nilimwomba asifanye hivyo. Mtu anayeandika "sikuhesabu" kwenye daftari lake bila kusukumwa amepiga hatua mbali na yule wa vitumbua sita gizani, na akianza kufichiwa chakula ataanza tena kukila kwa kujificha. Hilo nimeliona katika nyumba nyingi: mtoto mwenye mapenzi anakuwa polisi, mama anakuwa mwizi ndani ya jokofu lake mwenyewe. Halwa ilibaki. Iligawiwa kwa majirani na wajukuu, na kipande kimoja kilibaki cha Mwalimu, baada ya chakula cha mchana kilichopungua matonge mawili.

Miezi mitatu baadaye kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilikuwa asilimia 7.7 kutoka 8.6. Siwezi kusema ni matonge. Dawa ilibadilika, alianza kutembea jioni, na kubwa zaidi alianza kuhesabu siku za kawaida, si za sikukuu tu, na siku za kawaida ndizo nyingi. Hesabu yenyewe ni ya mkono wake yeye. Mwenye kiganja kikubwa akichukua saba zake amechukua kitu kingine. Na anayejidunga insulini, au mwenye figo zilizochoka, asiichukue hata kidogo kabla ya kukaa na daktari wake.

Siku ya kliniki alikuja na daftari jipya lenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, kabla, baada, matonge. Nikalisifu. Akalifunga, akautazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza.

"Na wewe, mwanangu, tonge lako gramu ngapi?"

Sikuwa nimewahi kulipima. Jioni ile nyumbani nikalipima. Gramu 43.